Mguu wa Kuku Mezani

Wiki hii nimekaa na ujumbe wa binti mmoja wa Misuna, hapa hapa Singida mjini. Nimeusoma asubuhi, nikaenda kuchambua mboga, nikarudi nikausoma tena. Anasema mchumba wake ananunua alizeti na kuku vijijini, ana kibali cha bastola, na bastola yenyewe haifichwi ndani ya shati. Inaning'inia kiunoni kila mtu aione. Wakienda kula, anaitoa na kuiweka mezani, pembeni ya simu na funguo za gari. "Dada, marafiki zangu wananiambia nimepata mwanaume wa shoka. Mwanzoni hata mimi nilijisikia, ila siku hizi tukikaa kula chakula hakipiti. Au ni ushamba wangu?"

Huna ushamba wowote, mdogo wangu. Koo lako limeona kitu ambacho marafiki zako hawajakiona.

Vijana wa mjini bastola wanaiita mguu wa kuku. Sisi ambao kuku wetu wanasafirishwa kwenye matenga hadi Dar es Salaam, na watu wanatutambua kwa kuku hao kabla hata hawajatuuliza kabila, jina hilo lilipaswa kutuchekesha. Mimi lilinichekesha hadi siku moja mnadani.

Nilikuwa natafuta kuku wawili wa shughuli. Nikamkuta bibi mmoja na mitetea yake minne, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, amekaa juu ya kiroba. Bei yake 18,000 kila mmoja. Nikalia naye weee, nikamwambia bibi nipunguzie, akakataa kabisa. Akanieleza mtetea yule mwekundu anavyotaga, na yule mwenye kishungi alivyomshinda mwewe. Akaja bwana mmoja, kavaa vizuri, hana hata fujo. Akachuchumaa kuwapima kuku kifuani, shati likapanda, kitako cha bastola kikatokeza. "Bibi, bei gani?" Bibi akajibu, "12,000, baba." Bwana hakuwa amebembeleza hata neno moja! Akalipa, akashukuru, akaondoka na wawili. Hadi leo huenda anawasimulia wenzake kwamba yeye anajua kununua.

Nikamuuliza bibi, mbona mimi ulining'ang'ania na 18,000 yako? Alikuwa anafunga zile noti kwenye pindo la khanga, akafunga fundo la kwanza, akafunga na la pili. Akasema, "Wewe umekuja na kikapu, mwanangu."

Sasa wewe wa Misuna, jichunguze. Tangu hiyo bastola ianze kula na nyinyi, umeshashusha bei mara ngapi? Kachelewa saa mbili, ulitaka kumuuliza, ukameza. Kakutania mbele ya watu utani usioupenda, ukacheka. Nina hakika hajawahi kukutishia, ungekuwa umeniandikia. Lakini yule bwana wa mnadani naye hakumtishia mtu. Silaha ikishaonekana inaongea yenyewe, mwenyewe hana haja ya kufungua mdomo. Na anayeambiwa bei ya chini kila siku hajui tena bei halisi ya kitu chochote, pamoja na mapenzi yako.

Najua mtakayonijibu. Dada, Singida hii watu si wanatembea na silaha tangu zamani? Ni kweli. Nimekua naona mikuki, sime, rungu na fimbo za wachungaji, na Wahadzabe wa Munguli kule Mkalama wanapita na upinde na mishale na hakuna anayekimbia. Miaka ya themanini sungusungu walivyoanza kwa majirani zetu Wasukuma na Wanyamwezi, upinde ulibebwa mchana kweupe kuwatisha wezi wa ng'ombe. Lakini vitu hivyo vilikuwa na adabu zake. Babu yangu akifika kwa mtu, mkuki aliusimika nje, karibu na mlango wa zizi, ndipo akapiga hodi. Ukimwona anaingia nao ndani, basi amekuja kwa ugomvi na kila mtu ameshaelewa. Huyo mchumba wako anaingia na mkuki hadi kwenye sahani ya ugali.

Sheria nayo inamtazama hivyo hivyo. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo ndiyo inayosimamia vibali. Lakini kuna nyingine ya zamani zaidi ambayo wenye bastola wengi hawaisemi: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika 1945. Humo ni kosa mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna inayomtia mtu hofu, na silaha inaweza kutaifishwa. Soma tena hapo. Haiulizi kama ulikusudia kutisha, inatazama hofu ya aliyekuona. Yule bibi wa mitetea angekuwa na shauri zuri sana mahakamani, ila nani atakwenda kulalamika kwa ajili ya shilingi 12,000?

Mwanangu wa Texas ataniandikia sasa hivi, namjua. Ni kweli, huko Texas, Marekani, tangu Januari 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kuvaa bastola nje ya nguo, na tangu Septemba 2021 wengi hawahitaji hata hiyo leseni. Lakini huko huko Texas mwenye duka anaruhusiwa kubandika tangazo mlangoni kwamba bunduki zisiingie, na ukiingia nayo umevunja sheria. Kwetu mama ntilie hana tangazo. Anasogeza tu bakuli la pilipili ili kupisha bastola.

Halafu kuna mambo tuliyoyaona wenyewe. Novemba 2006 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, jirani zetu hapo, Ditopile Mzuzuri, alishtakiwa kwa kumpiga risasi dereva wa daladala Dar es Salaam katika ugomvi wa barabarani. Alifariki 2008 kesi haijaisha. Ugomvi wa barabarani, jamani! Mambo ambayo sisi wengine tunayamaliza kwa kutukanana mama zetu na kuwasha gari. Bastola ikiwa karibu na mkono, hasira haipati muda wa kupoa.

Na ile picha ya tarehe 23 Machi 2017 mnaikumbuka. Nape Nnauye ameondolewa uwaziri siku hiyo, amekwenda hotelini Dar es Salaam kuzungumza na waandishi, mtu asiye na sare akamchomolea bastola mchana, kamera zote zinatazama. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa wa kwetu, Mwigulu Nchemba wa Iramba, na alilaani kitendo kile na kuagiza mtu yule atafutwe. Waulize watu leo Nape alitaka kusema nini siku ile. Bastola ndiyo wanayoikumbuka.

Sasa tuje nyumbani kwako. Simlaumu mchumba wako kwa kuwa nayo. Msimu wa alizeti mtu anatembea na fedha taslimu kwenye barabara za vumbi ambako mtandao wa simu unakatika, na majambazi wapo. Nataka uzungumze naye mchana, mkiwa hamjagombana, na bastola ikiwa imefungiwa chumba kingine. Muulize inalala wapi usiku. Kama ni chini ya mto, mwambie wewe hulali hapo, na watoto mtakaojaliwa hawatalala hapo. Muulize akinywa bia anamwachia nani, kwa sababu "namwachia rafiki" ni jibu baya kuliko kunywa nayo: kibali kimeandikwa jina lake, si la rafiki. Kisha muombe isipande tena mezani. Usimwekee sababu kumi, muombe tu, kama unavyomwomba mtu avue kofia. Mtu anayekupenda ataona aibu kidogo, atacheka, ataificha. Akianza kukueleza kwamba wewe hujui heshima anayopewa nayo mjini, hapo utakuwa umepata jibu lako na mahari bado hajatoa.

Sikutishi, lakini Mei 2022 huko Mwanza mume alimmiminia mkewe risasi nyumbani, kisha akajiua. Siku mchumba wako atakayokuelekezea bastola, hata kwa utani, hata akisema haina risasi, ondoka siku hiyo hiyo na uende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kibali kilichotolewa kinaweza kufutwa, na usione haya kuwa wewe ndiye uliyesababisha.

Nina nafasi ndogo ya kijana wa Itigi. Babu yake amefariki, wamepanga vitu vya marehemu, juu ya dari la ghala wakakuta gobore limefungwa kwenye gunia. Anauliza alipeleke polisi kwa bodaboda au alitupe msituni.

Vyote viwili hapana, mdogo wangu. Naelewa unaogopa nini. Wanaoishi kando ya mapori ya akiba hawajasahau Operesheni Tokomeza, ile ya kusaka majangili Oktoba 2013, watu walivyosakwa na kupigwa, hadi operesheni ikasimamishwa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba ile. Lakini kusalimisha si kukamatwa. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha, na mwaka 2023 Tanzania ilitoa muda kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, watu wakapeleka vituo vya polisi na kwa watendaji bila kushtakiwa. Hata kama umelikuta mwezi mwingine, usisubiri tangazo, maana ukikaa nalo ndipo linakuwa lako. Usilibebe barabarani, atakayekukuta nalo hajui habari za babu yako. Wala usilisafishe wala kulijaribu, hujui lina baruti ya mwaka gani. Liache hapo hapo darini, funga ghala, mchukue baba mdogo mmoja awe shahidi, muende kwa mtendaji mikono mitupu.