Amana, Hadaa, na Pesa "Zilizotumwa kwa Makosa"



Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuihakikishe kwanza, tusije tukatenda jambo kwa kutojua kisha tukajuta. Somo letu la leo ni kuitumia amri hii katika pesa za simu.

Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, wezi wamepata mlango mpya. Tuchukue mfano wa mzee mfugaji wa Leparua, huku Isiolo, aliyeuza mbuzi na thamani yake akaiweka katika simu. Mara wamjia ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 3,000. Hajamaliza kuusoma, simu yalia: "Mzee wangu, nimekosea namba. Pesa hizo ni za mgonjwa. Nirudishie kwa ajili ya Mungu." Mzee, kwa kuogopa kula haramu, azituma. Kumbe hakuna kilichoingia. Alizotuma ni thamani ya mbuzi wake.

Tazameni hila hii! Ayari hakuvunja kufuli. Ameishika dini ya mtu akaifanya ufunguo. Na mwenye duka wa Mombasa au Lamu hunaswa kwa mtego uo huo.

Basi hukumu yake ni ipi?

Kwanza, deni halithubutu kwa maneno matupu. Ujumbe si pesa. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kwa namba ya mtu. Wala usitosheke na jina, bali litazame salio lako mwenyewe. Ikiwa halikuongezeka, huna cha kurudisha wala huna dhambi.

Pili, ikiwa limeongezeka kweli, mali ile ni amana, na kuila ni haramu. Lakini usiitume wewe. Mwambie mwenyewe aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, ili Safaricom wairudishe. Kwani mtu aweza kupokea ulichomtumia, kisha akaidai na kampuni pia, nawe ukapata hasara.

Tatu, namba ya siri hapewi mtu, hata akidai kuwa yuatoka Safaricom. Kampuni hiyo imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 tu. Na ujumbe wa hadaa upelekwe kwa namba 333.

Ama vijana wetu wanaochuma kwa njia hii, wajue kwamba sheria ya mwaka 2018 iliwawekea faini ya hadi shilingi 300,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au yote mawili. Na hesabu ya Akhera haina faini. Mzazi naye asipokee riziki asiyoijua ilikotoka.

Na aliyekwisha kuibiwa asifiche kwa haya. Na awaeleze jirani zake, kwani kunyamaza kwake ni faida kwa mwizi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mali zetu na dini zetu. Amin.