Samaki wa Maji Baridi: Somo Kutoka Kijito cha Kinangop

Katika somo hili tunataka kuwasimulia siku moja tuliyoenda kuvua samaki. Msicheke. Tunajua wengi wenu mtasema, "Sisi ni watu wa viazi na ng'ombe, mambo ya samaki waachieni watu wa ziwani." Hata sisi tulisema hivyo. Lakini siku ile ilitufundisha jambo juu ya mashamba yetu ambalo tulikuwa tumelisikia mara nyingi kwenye semina bila kulielewa.

Safari yetu

Tulitoka Nakuru kabla jua halijachomoza. Tulipanda matatu hadi Naivasha, kisha nyingine ya kwenda Engineer, juu Kinangop. Kutoka hapo tukatembea kwa miguu. Baridi ya Kinangop mnaijua. Mikono ilikuwa mfukoni mpaka saa tatu.

Wenyeji wetu walikuwa kikundi cha kujisaidia ambacho mashamba ya wanachama wake yanapakana na kijito kinachoteremka kutoka msitu wa Nyandarua. Kijito chenyewe ni kidogo. Kijana mwenye mbio anaweza kukiruka. Lakini hebu tukifuate. Kinaingia mto Turasha. Turasha inaingia mto Malewa, na Malewa ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya ziwa Naivasha. Tena maji ya Turasha huvutwa kwa mabomba kupelekwa Gilgil na Nakuru. Kumbe tulikuwa tumesafiri asubuhi nzima kwenda kuona maji ambayo huwa yanatufuata nyumbani!

Aliyetuongoza ni mzee mmoja wa kikundi, ambaye amevua pale tangu ujana wake. Kabla ya yote alitoa kibali chake mfukoni akatuonyesha. Nanyi mkumbuke hivyo: ndani ya hifadhi ya taifa kibali hutolewa na Shirika la Wanyamapori (KWS), na nje ya hifadhi muulizeni afisa wa uvuvi wa kaunti. Kuvua bila kibali ni kosa.

Trauti ni samaki gani?

Samaki tuliyemfuata anaitwa trauti. Si mwenyeji wa nchi yetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura, upande wa mashariki wa milima ya Nyandarua. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Serikali ina kituo cha kutotoa vifaranga wake huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Trauti ni samaki mwenye kuchagua. Kambare ataishi kwenye dimbwi la matope, lakini trauti hawezi. Anataka vitu vitatu.

Kwanza, maji baridi. Hustawi vizuri kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Maji yakifika nyuzi 25 maisha yake yamo hatarini.

Pili, maji yenye hewa. Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji, na maji yakipata joto hewa hiyo hupungua. Maji yakitoka nyuzi 10 yakafika nyuzi 20, hupoteza karibu moja ya tano ya hewa ambayo yanaweza kushika.

Tatu, changarawe safi. Trauti jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa mkia wake, hutaga humo, kisha huyafunika mayai. Kwenye maji ya nyuzi 10 mayai hukaa karibu mwezi mmoja kabla ya kuanguliwa. Muda huo wote lazima maji yapite katikati ya mawe. Udongo ukishuka kutoka shambani ukaziba nafasi zile, mayai hukosa hewa yakafa humo humo.

Mzee anavua

Tulipofika ukingo wa msitu mzee alituzuia kwa mkono. "Msisimame wima kama mlingoti," alisema kwa sauti ndogo. "Yeye anawaona nyinyi kabla nyinyi hamjamwona." Akaeleza kwamba trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo. Kwa hiyo mvuvi hutokea chini akipanda, ili awe nyuma ya samaki. Tena asiruhusu kivuli chake kuanguka majini.

Kabla ya kutupa ndoano aliinua jiwe kutoka majini akaligeuza. Chini yake walijaa vidudu. Wengine walikuwa bapa, wenye mikia mitatu kama nyuzi. Wengine walikuwa wamejijengea nyumba ndogo za changarawe. "Hiki ndicho chakula chake," alisema. "Pasipo na hawa, rudisha fimbo yako nyumbani." Ndoano yake alikuwa ameifunga manyoya ya jogoo na uzi, ikafanana na kidudu. Aliitupa juu ya jiwe moja kubwa, mahali maji yanapozunguka pole pole, akaiacha ishuke na mkondo.

Mara ya kwanza, wapi! Mara ya pili, wapi! Wengine wetu tulianza kufikiria chai. Mara fimbo ikapinda, mshipi ukakaza, na samaki akaruka juu ya maji aking'aa. Sote tulisahau tuliagizwa kunyamaza. Kufikia saa sita alikuwa amepata watatu. Mmoja alikuwa mdogo. Mzee alilowesha mikono yake kwanza, akamtoa ndoano akiwa ndani ya maji na kumwachilia. Alisema mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na maradhi.

Tulipoteremka chini

Baada ya hapo tulifuata kijito kuelekea chini, tukipita katikati ya mashamba. Hapa ndipo somo lilipoanza.

Mahali pa kwanza miti ya kienyeji na mianzi ilikuwa imekatwa, na viazi vimelimwa mpaka ukingoni kabisa. Tulitia mikono majini. Baridi ile ya kuuma ilikuwa imepungua, kwa kuwa jua lilipiga maji moja kwa moja. Mahali pa pili vijana walikuwa wakiosha karoti za kupeleka sokoni, na maji yalitoka hapo yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Mahali pa tatu ng'ombe hushuka kunywa, na ukingo wote ulikuwa umebomoka. Karibu na hapo tuliona chupa tupu za dawa ya kunyunyizia kabeji.

Mzee aligeuza jiwe tena. Vidudu wa mikia mitatu hawakuwepo. Tuliona minyoo myembamba myekundu tu, ile inayovumilia maji machafu. Alitupa ndoano mara nyingi, hakuna kitu. "Nilipokuwa kijana," alisema, "nilikuwa navua hapa hapa. Wanaolima mpaka majini ndio waliowaua."

Jibu la mama mmoja

Tulipika wale samaki wawili kwa sufuria, chini ya mti. Tulipokuwa tukila, mama mmoja wa kikundi alikuwa kimya. Shamba lake ndilo la viazi tulilopita. Mwishowe akasema:

"Mzee, nisamehe nikikujibu mbele ya wageni. Wewe una ekari tatu. Mimi nina robo, na watoto wanne. Ile sehemu ya mtoni ndiyo yenye rutuba. Nikiiacha, huyo samaki wako atalipa karo?"

Hakuna aliyecheka. Tuliona kwamba swali lake ni la haki, nasi tukatoa kalamu. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kuachwa kila upande wa mto kulingana na upana wa mto: usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30. Kijito hiki ni chembamba, basi ni mita 6. Shamba la mama linapakana na kijito kwa mita 50. Sita mara hamsini ni mita mraba 300. Robo ekari ni kama mita mraba 1,000. Kwa hiyo tulikuwa tukimwomba atoe karibu theluthi moja ya shamba lake ili watu wa chini wapate maji safi. Ni rahisi kusema neno hilo kwenye baraza. Kwa mwenye robo ekari ni chakula cha watoto.

Kikundi kilizungumza mpaka karibu saa tisa. Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa wazo kwamba ukanda ule upandwe nepia, si kuachwa mtupu. Mizizi ya nepia hushika udongo, na majani yake ni chakula cha ng'ombe. Wanachama wenye ng'ombe walikubaliana kununua majani kwa mama huyo kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Miche ataletewa na kikundi, na siku ya kazi ya zamu itaanzia kwake. Mama alifikiri, kisha akasema, "Nitajaribu msimu mmoja. Mkiacha kununua, narudisha viazi." Wote wakasema ni sawa.

Jambo hili si geni katika bonde hili. Kuanzia mwaka 2010 hivi, wakulima wa Turasha ya juu na Wanjohi walipewa hati za kununulia pembejeo kwa sababu walipanda ukanda wa majani, wakachimba makingamaji na kupanda miti. Waliochangia ni watumiaji wa maji walio karibu na ziwa, wakiwemo wakulima wa maua, na mashirika ya WWF na CARE yalisaidia kupanga. Fedha hazikuwa nyingi. Lakini waliokubaliana wametambua jambo moja: aliye juu akibeba mzigo, aliye chini naye ashike upande mmoja.

Mnaweza kufanya nini

Hamhitaji kuwa na trauti ili kujua hali ya mto wenu. Tena tunawaonya: msichukue samaki wa kigeni na kuwamwaga kwenye mto ambao hawamo, kwa maana trauti hula vidudu na samaki wadogo wa kienyeji. Fanyeni hivi:

1. Chukueni chupa tatu za soda zisizo na rangi. Siku ya mvua, jazeni moja juu ya mashamba yenu, ya pili katikati, ya tatu chini. Ziacheni zitulie usiku kucha mahali pamoja. Asubuhi pimeni kwa kidole tope lililo chini ya kila chupa. Tope hilo ni udongo wa mashamba yenu.

2. Geuzeni mawe kumi kwenye maji. Andikeni mlichoona: wenye mikia mitatu, wenye nyumba za changarawe, au minyoo myekundu tu. Rudieni kila baada ya miezi mitatu.

3. Wekeni mahali pamoja pa ng'ombe kunywa, palipojengwa kwa mawe. Oshieni karoti na bomba za dawa mbali na mto.

4. Ulizeni kama eneo lenu lina chama cha watumiaji wa maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama hivyo. Jiungeni.

Maswali ya kujadiliana

Ni nani katika kikundi chetu ana shamba dogo kabisa kando ya mto? Tumemwomba aache kitu gani, na sisi tumempa nini? Ni nani anayekunywa maji baada yetu? Je, tumewahi kukutana naye?

Tulipoondoka jioni, yule mama alikuwa tayari ametembea hatua sita kutoka majini na kupigilia vijiti vyake. Alitupungia mkono. Vikundi vitakavyojaribu chupa tatu, tafadhali tuandikieni mlivyoona.