SAUTI YA MWIMBAJI: TUITUNZE, TUIPIME, TUISIKILIZE



Katika parokia na vigango vyetu wamo waimbaji wengi ambao hawakusomea muziki popote. Ni walimu, wakulima, mafundi, mama lishe na wanafunzi. Jioni huenda mazoezini, na Jumapili husimama mbele ya waamini wakaimba. Wengi wana maswali mawili. La kwanza: “Nifanye nini ili sauti yangu iwe nzuri zaidi?” La pili: “Kwa nini kila baada ya Juma Kuu sauti inanipwelea?” Maswali hayo ni ya muziki, lakini ni ya afya pia. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani akipotewa na sauti, hakukosa wimbo tu. Kazi yake nayo imesimama. Kwa hiyo leo tujifunze pamoja namna ya kuitunza sauti, kuipima, na kuitumia simu ili wenzetu watusaidie kuirekebisha.

1. Sauti inatoka wapi?

Hewa ikitoka mapafuni hupita kwenye zoloto, yaani lile gegedu tunaloweza kuligusa mbele ya shingo, ambalo hupanda na kushuka tunapomeza. Ndani yake mna mikunjo miwili midogo ya nyama laini, iitwayo nyuzi za sauti. Tukipumua, nyuzi hizo huachana. Tukisema au kuimba, hukaribiana na hewa ikazitetemesha. Koo, kinywa na pua huikuza sauti hiyo, na ulimi na midomo huifanya kuwa maneno.

Hata kwa mtu mzima nyuzi hizo hazifikii urefu wa sentimita 3. Hata hivyo kazi yake ni kubwa. Mwimbaji wa soprano akiishika ile “la” inayopimwa kwa mitetemo 440 kwa sekunde, nyuzi zake hugongana mara 440 kila sekunde. Akiishika kwa jumla ya dakika moja tu katika wimbo, zimegongana mara 26,400. Ndiyo maana mwimbaji anayetumia nguvu pasipo maarifa huumia upesi.

Tena inafaa kujua kwamba aliyefungua njia ya kuzichunguza nyuzi hizi kwa kioo hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aitwaye Manuel García. Mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na kioo kingine cha kuakisi mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikicheza. Tangu hapo waimbaji na madaktari wamekuwa wakifundishana.

2. Mambo yanayoiumiza sauti

Kushindana na vyombo. Kinanda na spika zikifunguliwa mno, mwimbaji hajisikii, naye huanza kupiga kelele. Dawa yake ni kupunguza vyombo, si kuongeza nguvu ya koo.

Kuimba sauti isiyo yako. Kwaya ikikosa watu wa tena, mara nyingi mtu wa besi hulazimishwa kupanda. Mwalimu wa kwaya akiona waimbaji wanakunja uso na kunyoosha shingo, na aushushe ufunguo wa wimbo. Wavulana wanaovunja ungo wa sauti, yaani wale ambao sauti yao inabadilika kuwa nzito, wasisukumwe. Waimbe pale panapowaelea tu, hata kama ni noti chache.

Moshi na vumbi. Sigara ni adui wa kwanza. Moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha, na vumbi la chaki, navyo huwasha koo.

Uhaba wa maji. Maji tunayokunywa hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Huenda tumboni, kisha mwili ndio unaozilainisha. Kwa hiyo glasi moja dakika tano kabla ya Misa haitoshi. Tunywe kidogo kidogo tangu asubuhi.

Kujikohoza kila mara. Kila tunapolikwangua koo, nyuzi hugongana kwa nguvu. Ni afadhali kumeza mate au kunywa funda la maji.

Kiungulia. Asidi ya tumboni ikipanda usiku huweza kuunguza zoloto. Mwenye sauti ya kukwaruza kila asubuhi na ajaribu kula mapema, saa tatu kabla ya kulala.

Dawa za mitaani. Mayai mabichi hayafiki kwenye nyuzi za sauti, bali yanaweza kuleta homa na kuharisha. Tangawizi na asali huliburudisha koo, lakini haviponyi nyuzi zilizoumia. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Wala tusimeze aspirini ili tuweze kuimba na koo bovu, kwa maana hurahisisha damu kuvuja katika nyuzi zinazofanyishwa kazi ngumu.

3. Mazoezi ya kila siku

Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Haba na haba hujaza kibaba. Tufuate hatua hizi:

(a) Simama wima, mabega yametulia. Weka kiganja chini kidogo ya mbavu. Vuta pumzi hadi kiganja kisukumwe nje, mabega yasipande. Toa hewa polepole kwa “sss”. Rudia mara tano.

(b) Tikisa midomo kama mtoto anayeiga mlio wa gari, ukipanda na kushuka pole pole.

(c) Tia maji katika glasi, ingiza mrija sentimita 2 hivi ndani ya maji, uimbe kwa kuvumisha “uuu” kupitia mrija ili mapovu yatoke. Fanya hivyo kwa dakika tatu hadi tano. Hewa inayozuiliwa kidogo na maji huzisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Walimu wa sauti wengi hulipenda zoezi hili, nalo halina gharama.

(d) Sasa imba do, re, mi, fa, so na kurudi, ukianzia pale sauti inapokuwa nyepesi. Panda nusu hatua kila mara. Ukisikia maumivu au kukabwa, acha. Zoezi la sauti halipaswi kuuma.

4. Kipimo cha nyumbani

Chukua saa yenye mshale wa sekunde. Vuta pumzi vizuri, kisha sema “aaa” kwa sauti ya kawaida mpaka hewa iishe. Watu wazima wengi wenye afya hufika sekunde 15 hadi 25. Baada ya hapo pima “sss”, kisha “zzz”. “Sss” hutumia hewa tupu. “Zzz” huzitumia nyuzi za sauti. Kwa mtu mwenye afya muda wake hukaribiana. Mfano: “sss” ikiwa sekunde 20 na “zzz” sekunde 19, ni vema. Lakini “sss” ikiwa 20 na “zzz” 12, huenda nyuzi hazifungi sawasawa. Rudia siku nyingine, na hali ikiwa ni ile ile umwone mganga. Kipimo hiki si hukumu. Ni kengele tu.

5. Kujirekodi

Wengi wakisikia sauti yao kwenye simu hushtuka: “Huyu si mimi!” Sababu ni kwamba tunapoimba tunajisikia kwa njia mbili: kwa hewa inayoingia masikioni na kwa mifupa ya kichwa. Mifupa huongeza uzito wa sauti. Simu hupokea ya hewa tu. Kwa hiyo sauti ya kwenye simu ndiyo inayokaribia ile wanayoisikia wenzako kanisani. Usivunjike moyo, baada ya siku chache utaizoea.

Ili urekodi vizuri, chagua chumba chenye kitanda, mapazia au nguo nyingi, kwa sababu vitu hivyo humeza mwangwi. Epuka chumba kitupu, na mvua inapopiga bati. Weka simu mezani, mbali nawe kadiri ya urefu wa mkono. Usiishike mdomoni, isije ikakoroma. Imba ubeti mmoja tu, bila kinanda, ili makosa yasijifiche.

Kisha usiusikilize papo hapo. Sikiliza kesho, mara tatu: mara ya kwanza noti tu, mara ya pili pumzi tu, mara ya tatu maneno tu. Andika katika daftari tarehe, wimbo, ufunguo, na jambo moja la kurekebisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Kuomba na kutoa maoni

Wapelekee watu wawili au watatu unaowaamini, mmojawapo awe mwalimu wa kwaya. Kuutupa wimbo katika kikundi cha simu chenye watu 200 huleta kelele, si mafundisho. Usiulize, “Nimeimbaje?” Utajibiwa, “Hongera!” na utabaki ulivyokuwa. Uliza jambo mahususi: “Je, noti ya mwisho imeshuka?” “Maneno ya mstari wa pili yanasikika?”

Anayeombwa maoni naye ana wajibu. Asikilize mpaka mwisho. Ataje jambo moja lililo jema na jambo moja la kurekebisha, tena aonyeshe mahali penyewe. Asimcheke mwenzake, wala asiupeleke wimbo kwa wengine bila ruhusa. Wapo waimbaji walioacha kuimba kwa sababu ya dhihaka, si kwa ubovu wa sauti.

Kujirekodi kuna faida nyingine ya kiafya. Kila mwanzo wa mwezi rekodi sentensi ile ile na ubeti ule ule. Sauti ikianza kubadilika utaitambua mapema, na daktari ataweza kusikia ilivyokuwa zamani na ilivyo sasa.

7. Lini twende hospitali?

Sauti ikipwelea kwa mafua, nyamaza siku mbili tatu na unywe maji. Usinong'one kwa nguvu, kwa maana kunong'ona hivyo kunaweza kuchosha zoloto zaidi ya kusema taratibu. Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na virusi, hivyo usikimbilie dawa za viuavijasumu.

Lakini sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando wanao. Inaweza kuwa ni vinundu kwenye nyuzi, ambavyo mara nyingi hupungua kwa mapumziko na kufundishwa upya kutumia sauti, bila kisu. Inaweza pia kuwa kifua kikuu cha zoloto, au saratani, hasa kwa wavutaji sigara. Magonjwa hayo yakigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usingoje wiki tatu ikiwa unapumua kwa shida, unatema damu, unameza kwa maumivu makali, una uvimbe shingoni, au sauti imekatika ghafla katikati ya wimbo. Nenda siku hiyo hiyo.

Kila tarehe 3 Februari, siku ya Mtakatifu Blasi, waamini hubarikiwa koo zao. Baraka hiyo ituhimize kuyatunza makoo hayo mwaka mzima.

Maswali ya kujadili katika kwaya

1. Je, vyombo vyetu vinatulazimisha kupiga kelele? Tufanye nini?
2. Nani kati yetu anaimba sauti isiyo yake?
3. Yupo mwenzetu aliyekwaruza sauti zaidi ya wiki tatu? Nani atamsindikiza hospitali?
4. Tutaelewana vipi juu ya kutumiana nyimbo na kutoa maoni bila kuumizana?

Tunawatakia mazoezi mema na makoo yenye afya.