Msimbo uliopoteza nyota: maswali yenu kuhusu Markdown kwenye wiki ya mradi

Barua nyingi zilizonifikia miezi hii zinatoka Karen, Lang'ata na kando ya Ngong Road, barabara ambayo tangu iHub ifunguliwe mwaka 2010 haijaishiwa na vijana wa programu. Wengi wenu mna wiki za mradi, na mnataka watu waandike kwa lugha nyepesi ya alama, yaani vinyota, reli na vistari, badala ya kuhangaika na HTML. Nimechagua maswali yaliyonikera na yale yaliyonitia hofu. Aliyeuliza namna ya kukoza neno au kuweka kichwa cha ukurasa ajaribu mwenyewe kwa dakika kumi, atajua.

"Mwalimu, tunataka kuongeza Markdown kwenye wiki yetu. Tuweke plagini ipi?"

Barua tano zinauliza hili kwa maneno tofauti, ya kwanza kutoka Hardy na ya mwisho kutoka Dagoretti Corner. Nazijibu pamoja kwa sababu zote zimejengwa juu ya kosa moja: zinadhani kuna Markdown moja.

Mwaka 2004 John Gruber, kwa msaada wa Aaron Swartz, alitoa maelezo ya namna ya kuandika, pamoja na programu fupi ya Perl ya kugeuza maandishi hayo kuwa HTML. Maelezo yale yaliacha mianya mingi. Kila aliyekuja baadaye kuandika programu yake mwenyewe aliziba mianya hiyo alivyoona inafaa, wengine wakaongeza majedwali, ambayo Gruber hakuwa nayo kabisa. Miaka 10 ilipita kabla ya John MacFarlane, Jeff Atwood na wenzao kutoa CommonMark mwaka 2014, maelezo yanayosema wazi kila alama isomweje. GitHub nayo ilichapisha maelezo ya aina yake mwaka 2017, yakiwa yamejengwa juu ya CommonMark. Na Markdown iliposajiliwa rasmi kuwa aina mojawapo ya maandishi ya intaneti, katika RFC 7763 ya Machi 2016, ilibidi usajili wenyewe utenge nafasi ya kutaja ni Markdown ipi. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Tulikuwa na Kimvita, Kiamu na Kiunguja, watu wakielewana nusu na kukosana nusu, hadi mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Markdown ina lahaja, na anayewaambia "weka tu Markdown" hajawaambia kitu.

Mnadhani ni ubishi wa wasomi? Chukueni msimbo wa simu, ule wa kupiga kwa kinyota na reli ambao kila Mkenya anaujua tangu alipoanza kuangalia salio. Tuseme ukurasa wenu wa msaada unamwambia mtu apige *123*4#. Kwa CommonMark, vinyota viwili vinavyozunguka 123 ni alama ya italiki. Vinatoweka, na msomaji anaona 1234#, tarakimu tatu za mwanzo zikiwa zimelala kidogo. Kwa MediaWiki, programu ya wiki yenye alama zake isiyotumia Markdown, msimbo huo ukianza mstari, kinyota cha kwanza kinageuka kitone cha orodha na kinachobaki ni 123*4#. AsciiDoc, lugha nyingine ya alama, inauacha kama ulivyoandikwa, kwa kuwa kinyota cha pili kimefuatwa na tarakimu bila nafasi. reStructuredText, nayo lugha ya alama, inatoa onyo kwamba italiki imefunguliwa na haikufungwa. Lugha nne, msimbo mmoja, matokeo manne. Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi wa wahudumu wa afya ambao ukurasa wake wa msaada ulikaa wiki kadhaa na msimbo usio na vinyota. Wahudumu walipiga, simu ikakataa, wakadhani laini zao zimefungwa. Hakuna aliyeshuku wiki, kwa sababu aliyeandika aliuandika msimbo sawasawa, na ukifungua kuhariri ukurasa unauona ukiwa mzima.

Haya si yote. Andika mstari unaoanza "1963. Kenya ilipata uhuru" na utapata orodha. CommonMark itaianzisha kwa namba 1963, ilhali ile programu ya mwaka 2004 itakupa namba 1, na uhuru wako umehamia mwaka wa kwanza. Andika jina la sehemu ya fomu kama tarehe_ya_kuzaliwa: programu ya Gruber hula vistari vya chini na kulaza "ya" katikati, CommonMark huviacha.

Basi kabla ya plagini, amueni lahaja na kuiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa wiki, pamoja na toleo lake. Mimi huchagua CommonMark na majedwali ya GitHub, kwa sababu maelezo yake yamekuja na mamia ya mifano ambayo programu yoyote inaweza kupimwa nayo. Kisha tafuteni plagini inayosema wazi kwamba inafuata maelezo hayo. Ile inayojitangaza kwa "Markdown" peke yake iacheni. Na misimbo ya simu yote iwekwe ndani ya ile alama ndogo inayoegemea kushoto, iliyo chini ya kitufe cha Esc, mwanzo na mwisho. Hapo hakuna lahaja ya Markdown itakayoigusa.

"Kila mtu kwenye timu ana lugha yake anayoipenda. GitHub inaruhusu nyingi kwenye wiki moja. Kwa nini sisi tusiruhusu tatu?"

Kwa sababu atakayerekebisha ukurasa huo usiku mfumo ukiwa umeanguka si yule aliyeipenda lugha hiyo.

"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, natunza mashairi ya wanafunzi kwenye wiki ya mradi wa shule. Tangu fundi aweke Markdown, beti zimekuwa nathari. Nimekosa nini?"

Hujakosa kitu, Mwalimu, na barua yako imeniuma kuliko zote. Fundi wako hakufungua hata ukurasa mmoja wa shairi kabla ya kubadilisha.

Katika Markdown mistari inayofuatana bila mstari mtupu kati yake ni aya moja. Mishororo minne ya ubeti inaunganishwa kuwa mstari mrefu, na kina cha mwisho wa mshororo wa kwanza kinaangukia kando ya neno la kwanza la mshororo wa pili. Anayesoma hajui pa kupumua. Gruber alitaka mstari ukatwe kwa nafasi mbili mwishoni, na watu bado wanafundishana hivyo. Ni ushauri mbaya. Nafasi hazionekani, na vihariri vingi huzifuta zenyewe faili linapohifadhiwa. CommonMark inakubali mkwaju wa nyuma mwishoni mwa mstari, huu hapa: \. Unaonekana, haufutwi, na mwanafunzi anaweza kufundishwa kwa sentensi moja. Uweke mwishoni mwa mishororo mitatu ya kwanza, wa nne uuache, kisha ruka mstari uanze ubeti mpya.

Ziko programu zenye kitufe cha kufanya kila mwisho wa mstari uwe mkato. Kama wiki yenu ni ya mashairi peke yake, kiwasheni. Kama ina maelezo marefu yaliyonakiliwa kutoka barua pepe, kitawaharibia aya zote.

Na mwambie fundi arejeshe nakala ya kabla ya mabadiliko. Wiki yoyote inayostahili jina hilo hutunza historia ya kila ukurasa.

"Tuna kurasa mbili za Lang'ata, na viungo nusu vimekufa. Mbona?"

Msomaji huyu anatoka Karen, ambako huwezi kuandika anwani ya jirani bila ritifaa, na wengine watatu wameniandikia habari hiyo hiyo kuhusu Murang'a na ng'ombe. Ritifaa mnayoiona ni moja, lakini kwa kompyuta ziko mbili: iliyonyooka, inayotoka kwenye kibodi ya kawaida, na iliyopinda, inayowekwa na Word na baadhi ya simu bila kukuuliza. iPhone zinafanya hivyo tangu mwaka 2017. Aliyeunda ukurasa kwa kompyuta ndogo ameandika moja, aliyeweka kiungo kwa simu ameandika nyingine, na wiki imeyaona majina mawili tofauti. Baadhi ya plagini za Markdown huongeza balaa kwa kupindisha ritifaa zenyewe wakati wa kuonyesha ukurasa, ili yaonekane maandishi ya kitabu. Anayenakili jina kutoka kwenye ukurasa huo kulitafuta halipati.

Nimesikia mshauri akiwaambia watu waondoe ritifaa kwenye majina ya kurasa. Huyo asilipwe. Ng'oa si ngoa, na kijana anayejifunza kusoma kwenye wiki yenu hana wajibu wa kubahatisha sauti. Dawa ni kanuni moja kwenye seva: jina la ukurasa linapohifadhiwa, na kiungo kinaposomwa, ritifaa iliyopinda igeuzwe kuwa iliyonyooka. Ni mstari mmoja wa programu. Kipengele cha kupindisha ritifaa kizimwe.

Walio kwenye MediaWiki wana shida yao ya ziada, kwani huko ritifaa mbili mfululizo ni italiki na tatu ni koza. Ukitaka kulaza sauti ng' yenyewe unapata ritifaa tatu mwishoni, na programu inalazimika kubahatisha ulikusudia nini. Zikiwa mbili kwenye mstari mmoja, inabahatisha vibaya.

"Mshauri wetu anasema Markdown ni maandishi matupu, hivyo haina hatari yoyote. Tufungue wiki kwa umma?"

Msifungue chochote kabla ya kusoma aya hii. Mshauri huyo amewadanganya, kwa kujua au kwa uvivu. Markdown tangu mwaka 2004 inaruhusu HTML ndani yake, na CommonMark imehifadhi ruhusa hiyo. Anayeweza kuhariri ukurasa wenu anaweza kuweka humo kipande cha JavaScript, na kila atakayeufungua akiwa ameingia kwa jina lake, pamoja na msimamizi, atakiendesha bila kujua. Hata mkizima HTML bado kuna viungo. Mabano ya mraba na ya mviringo hubeba anwani yoyote, na anwani inayoanza na neno javascript ikifuatwa na nukta pacha ni amri inayosubiri kubofywa.

Usafishaji ufanywe baada ya kugeuza, kwenye HTML iliyokwisha kutoka, wala si kwenye maandishi ya mwandishi. Wengi hufanya kinyume. Wanachuja maandishi, halafu programu ya kugeuza inaunda upya kile walichodhani wamekitoa. Tumieni orodha ya vinavyoruhusiwa: aya, vichwa, orodha, majedwali, viungo vya http, https na barua pepe. Kisichokuwa kwenye orodha kitolewe. Kazi hii msiandike wenyewe. Zipo maktaba zilizojaribiwa kwa miaka, kama DOMPurify.

"Tumeambiwa kuna programu itakayohamisha kurasa zetu zote za MediaWiki kuwa Markdown usiku mmoja. Ni kweli?"

Ni kweli kwamba Pandoc, aliyoianzisha huyo huyo MacFarlane mwaka 2006, itageuza aya, vichwa na majedwali ya kawaida kwa usiku mmoja, na itafanya vizuri. Vigezo haitawajengea, vile vilivyo ndani ya mabano yaliyopinda mawili mawili, kwa sababu Markdown haina kitu cha namna hiyo. Kila kisanduku cha taarifa na kila onyo lililowekwa kwa kigezo litahitaji mkono wa mtu. Hesabuni vigezo vyenu kwanza, ndipo mkubaliane bei na anayewauzia hiyo kazi. Kama wiki yenu inategemea vigezo kila ukurasa, bakini na alama za MediaWiki. Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa kwa alama hizo tangu 2003, na si lazima mtu awe mhandisi ili kuiandikia.

"Kwa nini tusitumie Word tu?"

Kwa sababu watu wawili watabadilisha nakala mbili za faili moja siku moja, na kazi ya mmoja itapotea.

"Wenzetu wa shambani wanasema alama zinawatisha. Wanaandika kwa simu, na kinyota kimefichwa kwenye ukurasa wa pili wa kibodi."

Wako sahihi, na ninawaomba wahandisi wawasikilize. Wekeni kihariri chenye vitufe vya koza, orodha na kiungo juu ya sanduku la kuandikia, ambacho kinaandika alama kwa niaba yao. Wikipedia iliona haja hiyo mapema na kuleta mwaka 2013 kihariri chake kinachoonyesha ukurasa kama utakavyoonekana. Jaribuni kwa simu ya bei ndogo na data ya kununua, nje ya Wi-Fi ya ofisi. Kihariri kikichukua dakika kufunguka huko Kiserian, kiondoeni mtafute kingine.

"Tumeamua. Tuanze na ukurasa gani?"

Tengenezeni nakala ya wiki nzima, mjaribu humo. Anzeni na ukurasa wenye misimbo ya simu, kisha wenye majina yenye ritifaa, kisha wenye jedwali kubwa kuliko yote. Mtu asiyekuwa kwenye timu asome kila namba kwa sauti huku mwingine akiilinganisha na ya zamani, na kila msimbo upigwe kwa simu kabla ukurasa mpya haujawekwa wazi.