Moto Kidogo, Maji Salama

Katika Kivu nyumba nyingi zinatumia makala kwa kila kazi: kupika, kuchemsha maji ya kunywa, kupasha maji ya kuoga, na kuota usiku wa baridi. Makala yanakula franka nyingi. Kwa hiyo wengine wanaacha kuchemsha maji ya kunywa, na watoto wao wanashikwa na kuhara au kipindupindu. Somo hili linaonyesha namna ya kupunguza makala bila kuharibu afya.

1. Maji ya kunywa. Chuja maji kwa kitambaa safi, weka sufuria juu ya mbabula, uifunike. Sufuria iliyofunikwa inachemka upesi. Maji yakitokota kwa nguvu, hesabu dakika 1, kisha uyaondoe motoni. Wengi wanayaacha nusu saa wakifikiri yatakuwa safi zaidi. Sivyo. Maji yakiisha kutokota hayazidi kuwa ya moto; makala yanayageuza kuwa mvuke tu.

Dakika 1 inatosha kwa watu wa Goma na Bukavu, kwa sababu miji hii iko karibu meta 1,500 juu ya bahari. Lakini katika vijiji vya milimani, juu ya meta 2,000, maji yanatokota kabla ya kupata joto kama lile la mabondeni. Huko hesabu dakika 3. Yaache yapoe katika sufuria ile ile, ikiwa imefunikwa, na usichovye mkono ndani.

2. Maji ya kuoga. Haya si lazima yachemke. Jaza bidoni asubuhi, uiweke juani mpaka alasiri. Bidoni nyeusi inapokea joto kuliko nyeupe. Kama jua halikutosha, moto kidogo utamaliza kazi. Maji haya ya bidoni ni ya kuoga, si ya kunywa.

3. Kuota moto. Usilale na mbabula ndani ya nyumba, hata kama hutoi moshi. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaweza kufa katika usingizi bila kujua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kulegea, hasa watu wa nyumba moja wakishikwa pamoja. Fungua milango, watoe wote nje mara moja, uwapeleke hospitali, hata wakisema wamepata nafuu.

Kwa baridi ya usiku, tumia nguo na blanketi. Mtoto mchanga awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe, uso wa mtoto ukiwa wazi. Joto hilo halinunuliwi.

Maswali

1. Kwa nini kutokotesha maji nusu saa ni kupoteza makala?
2. Kwenu ni mlimani au bondeni? Utahesabu dakika ngapi?
3. Watu wote wa nyumba wameamka wakiumwa kichwa, na mbabula iko chumbani. Utafanya nini kwanza?