SOMO: MTU WA KITUKU NI NANI?

Masomo ya kusoma nyumbani: Yeremia 32:6-15, Nehemia 2:1-5



Mgeni akifika katika kartie zetu za Goma, akiisha kutaja jina lake, swali la pili ni lile lile siku zote: "Uko mtu wa wapi?" Swali hilo linaweza kuulizwa kwa mapendo, ili watu wajue kama wanatoka mlima mmoja na wanajuana kwa wazazi. Linaweza kuulizwa kwa ubaya pia. Hapa Kivu tumeona watu wakifukuzwa, wengine wakiuawa, kwa ajili ya jibu walilotoa. Basi si swali dogo. Leo tulichunguze, na tuanzie Kituku.

Wengi wenu mnaijua. Ni soko na ni bandari ndogo, magharibi mwa mji, upande wa Kyeshero, pale ziwa linapogusa mawe meusi. Vyombo vya mbao vinatoka Minova, Kalehe na Idjwi, vimejaa ndizi, mihogo, maharagwe, mananasi na magunia ya makala. Kabla chombo hakijafungwa kamba, wabebaji wamekwisha kuingia majini mpaka magotini. Mamaa wa sambaza wanakaa chini na mabeseni yao, wanapima kwa kikombe, na kila mmoja anaapa kwamba kikombe chake ndicho kikubwa. Watoto wanateka maji ya ziwa katika bidoni za njano. Vijana wa chukudu wanangoja mzigo, mguu mmoja juu ya ubao. Kuna matope, kuna harufu, kuna kelele. Mtu wa Kituku aliye mbali hasemi ameikumbuka kwa sababu ni pazuri. Anaikumbuka kelele ile ile.

Sasa tuulize: kati ya watu hao wote, ni nani aliye mwenyeji? Mwenye ndizi ametoka Kalehe. Muuza sambaza, mama yake alizaliwa Idjwi. Kijana wa chukudu, wazazi wake walishuka kutoka Masisi wakati wa vita. Mwingine amekuja kutoka Rutshuru, mwingine Bukavu, mwingine Butembo. Hata sambaza yenyewe, ambayo tunajivunia mbele ya wageni, si ya ziwa hili! Ni samaki wa Tanganyika. Waliletwa na kumwagwa katika Ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, wakazaana, na leo hakuna anayewaita wageni. Wavuvi wanatoka usiku na taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, kwenda kuwatafuta kama samaki wa baba zao.

Kama si kuzaliwa, basi ni nini kinachomfunga mtu na mahali?

Tutazame mlima. Nyiragongo ilipasuka tarehe 10 Januari 1977, ikapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, na mara nyingine tarehe 22 Mei 2021. Mwaka wa 2002 moto ulipita katikati ya mji, ukachoma nyumba, maduka na kanisa kubwa la Wakatoliki, mpaka ukaingia ziwani. Watu karibu 400,000 walikimbia, wengi wakavuka kwenda Gisenyi. Wapata 120,000 walibaki bila nyumba. Kambi zilitayarishwa kwa ajili yao huko Rwanda, lakini wengi hawakukaa. Baada ya siku chache tu walikuwa wanarudi, wakipita juu ya mawe ambayo yalikuwa bado na joto chini ya viatu.

Kuna waliosema huo ni ukaidi. Mimi sikubali. Watu wa Goma walikwisha kuona kambi ni nini: mwaka wa 1994 wakimbizi wa Rwanda wapata milioni moja walifika kwetu, na kolera iliwaua kwa maelfu. Tena, mtu anayerudi juu ya jiwe la moto anatafuta kitu. Walitafuta parseli zao. Mipaka yote ilikuwa imefunikwa, miti haipo, njia haipo. Mtu alisimama juu ya mwamba mweusi, anaangalia ziwa, anaangalia mlima, anahesabu hatua, anamwita jirani: "Mlango wako ulikuwa wapi?" Na parseli ya mmoja haikuweza kupatikana bila jirani kukumbuka. Halafu wakavunja mawe yale yale yaliyowachomea nyumba, wakajengea ukuta.

Hapo ndipo Yeremia anatusaidia. Jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu, nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na ni yeye aliyetangaza kwamba mji utatekwa. Ndugu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Nani ananunua shamba wakati kama ule? Yeremia anapima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, anatia muhuri, anaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Tuangalie vizuri: hakununua kwa kuwa mambo yalikuwa mazuri. Alilipa bei kamili kwa mahali ambapo hakuwa na hakika ya kulala.

Nehemia ni tofauti kidogo. Yeye alikuwa mbali, katika nyumba ya mfalme, anakula vizuri. Alipoulizwa sababu ya huzuni yake, neno alilotanguliza kuhusu mji ule ni makaburi ya baba zake. Wazee wetu wanalielewa hilo bila kufundishwa. Simon Kimbangu alifungwa mwaka wa 1921, akafa Elisabethville mwaka wa 1951, upande mwingine kabisa wa nchi. Hata hivyo mwaka wa 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba, kijiji alikozaliwa.

Kituku nayo ina wafu wake. Mwaka wa 2024 vita vilikata barabara ya Sake, na watu wa Minova wakabaki na njia moja ya kufika Goma, ndiyo ziwa. Tarehe 3 Oktoba chombo Merdi, kilichojaa kupita kiasi, kilizama kikiwa karibu kufika. Watu waliokuwa wakingoja ndugu zao bandarini walikiona kikilala upande. Mkuu wa jimbo la Kivu ya Kusini alitangaza kwamba kati ya watu 278 waliokuwamo, 78 wamekufa. Wengine walitoa hesabu ndogo zaidi. Waliowavuta watu kutoka majini hawakuuliza kabila kwanza. Na mama aliyempoteza mtoto mbele ya Kituku, hata kama amezaliwa Minova, ni nani atakayemwambia kwamba pale si pake?

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Mizinga ililia, watu wengi walikufa, na waliokuwa katika kambi za pembeni walibeba magodoro yao tena. Katika siku kama hizo swali la "uko mtu wa wapi" linaongezeka ukali, hata ndani ya makundi ya maombi, hata kwenye foleni ya maji.

Kwa hiyo kabla ya kukutana juma lijalo, kila mmoja amtafute mzee mmoja wa kartie yake, si wa jamaa yake. Amwulize alirudi siku gani mwaka wa 2002, alikuta nini juu ya parseli yake, na ni jirani gani aliyemwonyesha mpaka. Majibu tutayasikiliza pamoja.