Kakuma na Sarufi ya "Si Popote"

Katika maandishi mengi ya Kiingereza kuhusu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, hudaiwa kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "si popote". Mwanafunzi wa sarufi atauliza: ukanushi uko wapi? Kiswahili hukanusha kwa ha- au si-. Mahali nako huhitaji pa-, ku- au mu-. Naam, silabi ku imo, lakini kuiita kiambishi cha mahali ni sawa na kudai kuwa kuku yumo katika ngeli ya mahali mara mbili.

Huenda mtetezi wa dai hilo akaishika ka- ya udogo, kama katika katoto. Akiiondoa, shina litakalosalia litawafanya wanafunzi waangue kicheko na mhadhiri ajikohoze. Heri asiendelee.

Ramani ya Turkana ingetosha kumsahihisha. Kuna Kalokol, Kalobeyei na Kaputir. Kuna pia Lodwar, Lokichar na Lokichoggio. Hizo Ka- na Lo- ni za Kiturkana, lugha ya Kiniloti, wala hazitafuti ngeli za Kibantu. Anayetafsiri jina hilo kuwa "si popote" hukisingizia Kiswahili neno kisichonalo na, vibaya zaidi, huwafuta wafugaji waliopaita mahali hapo kwa jina kabla ya hema la kwanza kusimamishwa.

Huko Lodwar, yapata kilomita 120 kutoka Kakuma, makondakta hawajaisikia tafsiri hiyo. Abiria wa "si popote" bado hulipa nauli kamili.